Betri Mbili, Kila Moja na Kazi Yake

Mazungumzo ya fundi wa waya za magari kwa vikundi vya kujisaidia vya Balambala, juu ya kutunza umeme wa gari kuukuu la kliniki

Mimi si mwalimu, mimi ni fundi wa waya. Mikono yangu inajua kusema kuliko mdomo, kwa hiyo mkisikia neno halieleweki, nikatizeni hapo hapo.

Nimeombwa nizungumze juu ya magari makuukuu ya kliniki, yale yenye kitanda, taa na friji ya chanjo huko nyuma. Gari kama hilo ni nyumba inayotembea. Muuguzi hutibu humo, hula humo, na usiku ukimkuta mbali hulala humo. Huko Ulaya na Marekani watu husafiri kwa starehe katika magari yenye vitanda na friji, na wenye magari ya zamani ya namna hiyo husumbuliwa na jambo lile lile linalotusumbua sisi: umeme wa kuwasha injini na umeme wa kukaa ndani ya gari hutoka mahali pamoja, na mmoja humla mwenzake. Tofauti ni moja tu. Mtalii akiamka gari haliwaki, amekosa matembezi. Kwetu gari likikataa kuwaka, kuna mama amekosa hospitali.

Neno langu leo ni moja, na likumbukeni hata mkisahau mengine yote. Betri ya kuwashia gari ni kama mbegu ya kupanda. Mbegu hailiwi, hata njaa iwe kali namna gani. Ukila mbegu leo, kesho huna cha kula wala cha kupanda.

KOSA LANGU MWENYEWE

Nianze na aibu yangu, ili msidhani nimekuja kuwalaumu wengine.

Miaka mingi iliyopita nililetewa gari la namna hii. Lilikuwa na betri moja, na kila lilipolala nje betri ilikwisha. Nikaona ni jambo rahisi. Nikaongeza betri ya pili, nikaiunga na ya kwanza, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, kwa waya niliokuwa nao, waya mwembamba wa taa. Fyuzi sikuweka. Nikawaambia, "Sasa mna nguvu mara mbili." Wakafurahi, wakanilipa.

Wiki ya tatu gari lilikwenda upande wa Danyere, likakaa huko siku mbili. Friji ikala betri zote mbili kwa pamoja, kwa sababu mimi nilikuwa nimezifanya chungu kimoja. Alfajiri ya siku ya tatu akaletwa mama mwenye uchungu, juu ya mkokoteni wa punda. Dereva akapiga stata. Tik, tik, basi. Wanaume wakajaribu kusukuma, lakini gari zito la dizeli kwenye mchanga halisukumwi likawaka. Mtoto alizaliwa pale pale chini ya mgunga, na kwa rehema za Mungu mama na mtoto wakapona. Chanjo zote zilitupwa.

Muuguzi aliponiona baadaye hakunitukana. Alisema tu, "Fundi, heri ungetuachia betri moja. Tungekuwa waangalifu. Hizi mbili zilitudanganya."

Maneno hayo yalinirudisha shule. Yote nitakayosema sasa nilijifunza baada ya siku ile.

Wenzangu wa kanisani wanakumbuka mfano wa wanawali kumi katika Injili ya Mathayo, mlango wa 25. Wale watano wenye busara waliombwa mafuta ya taa zao wakakataa kugawa. Zamani niliwaona wachoyo. Siku hizi nawaelewa. Wangegawa, taa zote zingezimika, na njia ingekosa hata mwanga mmoja. Na ndugu zetu Waislamu wana fundisho lao: mfunge ngamia wako kwanza, kisha umtegemee Mwenyezi Mungu. Haya, leo tunajifunza kufunga ngamia.

BETRI SI SAWA ZOTE

Mfugaji hapa anajua: ngamia wa maziwa na ngamia wa kubeba mzigo wote ni ngamia, lakini ukimtwika yule wa maziwa kila siku utamwua. Betri nazo ni hivyo.

Betri ya kuwashia ina bamba nyingi nyembamba ndani. Kazi yake ni kutoa nguvu nyingi kwa muda mfupi. Stata ya injini ya dizeli huvuta ampia 200 au zaidi, lakini kwa sekunde chache tu, kisha oltaneta inarudisha kilichotumika. Betri hii ukiimaliza kabisa mara kadhaa, inakufa.

Betri ya matumizi, ile ya friji na taa, ina bamba nene. Hutoa nguvu kidogo kidogo kwa saa nyingi, na inavumilia kushuka na kupanda. Hata hivyo isishushwe zaidi ya nusu kila siku. Ukiishusha mpaka chini kila usiku, maisha yake yanakuwa mafupi sana.

Utajuaje iko nusu? Nunueni mita ndogo ya volti. Gari likiwa limezimwa na betri imepumzika saa chache bila kutumika, ipimeni:

Volti 12.6 mpaka 12.7: imejaa.
Volti 12.2: imebaki nusu.
Volti 11.9 au chini: imekwisha, ichajiwe siku hiyo hiyo.

Injini ikiwa inazunguka, mita isome kati ya 13.8 na 14.4. Ikisoma chini ya 13.5, oltaneta au mkanda wake una shida. Ikisoma zaidi ya 14.8, oltaneta inachemsha betri na maji yatakwisha haraka. Msiguse friji wala betri kabla ya kurekebisha hapo kwanza.

KUZITENGANISHA

Sasa tufike penyewe. Betri mbili zinatakiwa kuchajiwa pamoja injini inapozunguka, na kutengana injini inapozimwa. Njia ziko tatu.

Njia ya kwanza ni swichi kubwa ya mkono. Dereva akiwasha injini anaunganisha, akizima anatenganisha. Ni ya bei nafuu na haina cha kuharibika. Lakini inategemea kumbukumbu ya mtu, na mtu akichoka husahau. Tena kuna hatari. Swichi nyingine zina mahali pa kuzima betri zote mbili. Ukifanya hivyo injini ikizunguka, oltaneta inakosa pa kupeleka umeme wake, volti zinapanda ghafla, na dayodi zake zinaungua.

Njia ya pili ni kizuizi cha dayodi. Wenye pampu kando ya Mto Tana mnaijua ile vali ya chini ya bomba inayopitisha maji kwenda juu na kuyazuia yasirudi. Dayodi ni hivyo hivyo kwa umeme. Haisahau. Ila inatoza ushuru: karibu volti 0.7 zinapotea kwa kupita tu. Oltaneta ikitoa 14.2, betri inapata 13.5, na kwa gari kuukuu lenye regyuleta ya zamani betri hazitajaa vizuri.

Njia ya tatu ndiyo ninayoipenda: rilei inayopima volti. Inaangalia betri ya mbele. Volti zikipanda mpaka 13.3 hivi, inajua oltaneta inafanya kazi na betri ya kuwashia imeshaanza kula, basi inaunganisha ya nyuma. Zikishuka mpaka 12.8 hivi, inatenganisha. Namba hutofautiana kidogo kwa kila aina, someni karatasi yake. Uzuri wake ni kwamba betri ya kuwashia inakula kwanza, na hakuna mtu wa kukumbuka kitu.

Kuna mafundi wanaoweka rilei ya kawaida na kuivuta kwa umeme wa swichi ya ufunguo. Mkatazeni. Ukifungua ufunguo, betri zimeshaunganishwa kabla injini haijawaka. Ukipiga stata, nguvu inavutwa pia kutoka betri ya nyuma kupitia waya usioiweza. Fyuzi inakatika, na kama hakuna fyuzi, kinachokatika ni waya.

WAYA MWEMBAMBA NI MWIZI

Wakulima wa hapa mnajua habari ya bomba. Pampu iwe na nguvu, lakini ukiunga bomba jembamba na refu, shamba la mwisho linapata matone. Waya ni bomba la umeme.

Nichukue mfano. Betri ya nyuma iko mita 6 kutoka mbele. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo njia yote ni mita 12. Tuseme unapita umeme wa ampia 20. Ukitumia waya wa shaba wa milimita mraba 2.5, volti 1.6 hivi zinapotea njiani. Oltaneta imetoa 14.2, betri ya nyuma imepata 12.6. Hiyo haichajiki, hata ukiendesha kutwa. Ukitumia waya wa milimita mraba 16, kinachopotea ni kama robo ya volti tu. Gari ni lile lile, oltaneta ni ile ile. Waya ndio umebadilika.

Hilo ndilo lilikuwa kosa langu la pili kwenye lile gari. Betri ya nyuma haikuwahi kujaa hata siku moja.

Jambo jingine: msitegemee bodi ya gari kuukuu kurudisha umeme. Kutu ni adui. Vuteni waya wa hasi wa unene ule ule kutoka betri ya nyuma mpaka kwenye hasi ya betri ya mbele. Vichwa vya waya viwe vya shaba, vibanwe kwa koleo lake, si kwa kupigwa nyundo.

Na kabla ya yote, hakikisheni gari lenu ni la namna gani. Baadhi ya Land Rover za miaka ya 1950 na 1960 ziliunganisha chanya kwenye bodi badala ya hasi, na zilitumia dainamo, si oltaneta. Tena kuna magari ya dizeli ambayo tangu kiwandani yana betri mbili zilizofuatana kutoa volti 24. Hizo mbili zote ni za gari, si moja ya gari na moja ya friji. Fundi asiyeuliza hayo kwanza, mwambieni ahsante, tafuteni mwingine.

FYUZI INALINDA WAYA

Watu wengi hufikiri fyuzi inalinda friji au taa. Hapana. Fyuzi inalinda waya. Betri ndogo ya gari inaweza kutoa mamia ya ampia kwa mara moja. Waya wenye chanya ukisuguana na chuma mpaka plastiki ikatoboka, nguvu yote hiyo inapita. Waya unakuwa mwekundu kama makaa, na juu yake kuna godoro, kuna spiriti ya kusafisha vidonda, na chini kuna tangi la dizeli. Muuguzi amelala.

Kwa hiyo kila waya wa chanya unaotoka kwenye betri uwe na fyuzi, na fyuzi ikae karibu kabisa na betri, isizidi shubiri moja. Ukiweka fyuzi mwisho wa waya karibu na friji, umeulinda mwisho na kuacha njia yote wazi.

Ule waya mnene kati ya betri mbili unahitaji fyuzi mbili, moja kila upande. Mbona mbili? Kwa sababu waya huo una chemchemi pande zote. Ukikatika katikati na kugusa bodi, betri ya mbele itausukuma na ya nyuma itausukuma.

Kwa oltaneta ndogo ya zamani ya ampia 45 au chini, vipimo hivi vimenifaa:

Waya kati ya betri mbili: milimita mraba 16, fyuzi ya ampia 60 kila upande.
Waya wa friji: milimita mraba 4, fyuzi ya ampia 15.
Waya wa taa: milimita mraba 1.5, fyuzi ya ampia 5.

Fyuzi ikikatika, msiizungushie karatasi ya sigara wala waya. Imekatika kwa sababu fulani. Tafuteni sababu. Wekeni fyuzi za akiba tatu za kila aina ndani ya mkebe, na mkebe ukae garini.

HATUA ZA KAZI

1. Zimeni injini. Fungueni hasi ya betri zote mbili kwanza. Wengi husahau ile ya pili na kuunguza mikono. Wakati wa kurudisha, hasi iwe ya mwisho.

2. Vueni pete, bangili na saa za chuma. Spana ikigusa chanya na bodi kwa pamoja inachomelea hapo hapo, na pete ikiwa katikati ni kidole kinachoungua.

3. Betri ya nyuma iwekwe ndani ya sanduku, ifungwe kwa chuma na bolti isiruke, mbali na bomba la moshi. Betri ikichajiwa hutoa gesi inayoshika moto. Sanduku liwe na mpira wa kupeleka gesi nje ya gari, kwa sababu humo ndani kuna mtu anayelala. Hakuna kuvuta sigara wala kuwasha kiberiti karibu.

4. Piteni na waya mnene kwenye chasisi, mbali na moshi na vitu vinavyozunguka. Kila unapopita kwenye tundu la chuma wekeni raba, na ufungwe kwa vibano kila shubiri moja na nusu. Barabara zetu zenye mawimbi, kutoka Sankuri mpaka huku, zinakata waya kama msumeno.

5. Wekeni fyuzi, kisha rilei, kisha unganisheni. Friji na taa zote za nyuma zichukue umeme kwenye betri ya nyuma peke yake. Hata taa moja isibaki kwenye betri ya mbele.

6. Jaribuni. Pimeni betri zote mbili injini ikiwa imezimwa. Washeni, msubiri rilei ilie, mpime tena. Ya nyuma isiachwe na ya mbele kwa zaidi ya nusu volti. Baada ya dakika 20 gusa kila kiungo kwa mkono. Palipo moto pana kiungo kibaya.

7. Mtihani wa mwisho ni huu. Acheni friji ifanye kazi usiku mzima hapa hapa nyumbani. Asubuhi gari liwake kwa mara ya kwanza. Lisipowaka, kazi haijaisha, na fundi asilipwe pesa za mwisho.

HESABU YA USIKU MMOJA

Friji ndogo ya volti 12 huvuta ampia 4 hivi inapozunguka. Kwa joto letu tuseme inazunguka nusu ya muda. Usiku wa saa 12 ni saa 6 za kazi: ampia 4 mara saa 6, ni 24. Taa za ampia 1 kwa saa 4, ni 4. Jumla 28.

Betri ya ampia 100 kwa saa, tukitumia nusu tu, inatupa 50. Basi usiku mmoja unapita vizuri. Lakini gari likikaa mahali pamoja mchana na usiku wote, friji peke yake inakula 48, na taa 4, ni 52. Siku ya pili mmeshavuka mpaka. Huko ndiko nilikowafikisha wale wa Danyere.

Na kurudisha si kwa nusu saa. Gari kuukuu linahitaji saa kadhaa za mwendo kujaza kilichotumika, na sehemu ya mwisho hujaa polepole sana. Safari fupi ya sokoni haijazi betri.

Kwa friji ya chanjo wekeni pia kikata umeme kinachozima betri isishuke chini sana. Lakini msikitegemee peke yake. Chanjo hutunzwa kati ya digrii 2 na 8. Joto huziharibu, na baadhi huharibika zikiganda. Friji iwe ya aina iliyokubaliwa kwa chanjo, kipimajoto kikae ndani, na sanduku la baridi lenye barafu liwe tayari siku zote. Likitokea jambo, muuguzi ahamishe chanjo kabla hazijapata moto. Na kama hana hakika nazo, ni yeye wa kuamua pamoja na wakubwa wake wa afya, si sisi mafundi wala kamati.

JOTO NA MAJI YA BETRI

Betri nyingi huku hazifi kwa uzee, zinapikwa. Kila joto linapozidi digrii 25 kwa digrii 10 hivi, maisha ya betri hupungua karibu nusu. Kwa hiyo egesheni gari kivulini, na mwangalie maji kila wiki mbili wakati wa jua kali. Maji yafunike bamba. Wekeni maji ya betri yaliyosafishwa, yasiyo na chumvi. Maji ya mto yana udongo, ya kisima yana chumvi, yote mawili yanaua betri. Na msiongeze asidi. Kinachopungua ni maji.

Asidi ikikurukia, osha kwa maji mengi mara moja. Ikiingia jichoni osha kwa maji safi dakika 20 nzima, kisha nenda kituo cha afya hata kama maumivu yamepungua.

KAZI YA KIKUNDI

Sasa neno kwa kamati. Waya hauna mwenyewe kama kikundi hakina daftari. Andikeni volti za betri zote mbili kila asubuhi kabla ya kuwasha gari. Ni kazi ya dakika mbili. Mara nyingi betri haifi ghafla. Daftari litaonyesha 12.6, kisha 12.5, kisha 12.3, na mtakuwa na wiki kadhaa za kuchanga pesa kabla gari halijalala njiani.

Teueni mtu mmoja wa maji na mtu mmoja wa daftari. Chorani ramani ya waya kwenye karatasi, mmoja ubaki garini na mwingine ofisini, ili fundi ajaye asianze kukata kata. Na fedha za betri ziwekwe kidogo kidogo kila mwezi. Kuita harambee siku gari limekufa ni kuchelewa.

Mnakumbuka mvua za El Niño za 1997 na mafuriko ya Novemba 2023, jinsi njia zilivyokatika. Siku kama hizo hakuna wa kuleta betri kutoka Garissa. Kilichoko ndani ya gari ndicho kilichoko.

MASWALI YALIYOULIZWA

Mama mmoja: Kwa nini tusinunue betri moja kubwa sana, tuache mambo ya mbili?

Jibu: Mama, ukiwa na ghala moja kubwa na mlango mmoja, mtoto mwenye njaa ataingia mpaka kwenye mbegu. Hata ghala liwe kubwa, siku moja litakwisha. Maghala mawili, funguo mbili.

Kijana: Vijana wanataka kuchaji simu kwenye gari kwa malipo, pesa ziende kikundini. Ni vibaya?

Jibu: Si vibaya, lakini iwe kwenye betri ya nyuma, kwa fyuzi yake, na wakati injini inazunguka tu. Injini ikizimwa, simu zote zitolewe. Pesa za simu ishirini hazinunui chanjo zilizoharibika.

Mzee: Jua tunalo la kutosha. Sola haiwezi kusaidia?

Jibu: Inasaidia sana, mzee. Paneli moja ya wati 100 juu ya paa inaweza kurudisha ampia 25 mpaka 30 kwa saa kwa siku nzuri, yaani karibu matumizi ya usiku mmoja. Iungwe kwenye betri ya nyuma kupitia regyuleta yake, na fyuzi karibu na betri. Lakini vumbi lifutwe kila asubuhi, na gari likiwekwa kivulini paneli nayo iko kivulini. Mtachagua.

Kijana mwingine: Na hizi betri mpya za lithiamu?

Jibu: Ni nzuri na ni nyepesi, lakini zina njaa kali. Zinaweza kuvuta yote ambayo oltaneta ya zamani inaweza kutoa, kwa saa nzima, mpaka oltaneta iungue. Zinataka chaja yake maalumu katikati ya kupunguza kasi. Usiitoe ya zamani na kuweka hiyo bila chaja hiyo.

Mama wa pili: Usiku, fundi yuko mbali, betri ya mbele imekufa hata hivyo. Tufanye nini?

Jibu: Swali hilo ndilo kubwa. Ndani ya gari pawe na jozi ya waya nene za kuazimia umeme. Ungeni chanya ya betri ya nyuma na chanya ya mbele. Waya wa pili utoke hasi ya nyuma uende kwenye chuma kitupu cha injini, mbali na betri. Subirini dakika kumi, kisha pigeni stata. Betri ya matumizi inaruhusiwa kumkopesha mwenzake siku ya shida. Ila ya kuwashia haikopeshi kamwe.

Nimemaliza. Yule mtoto wa chini ya mgunga, nilimwona miaka kadhaa baadaye akichunga mbuzi. Mama yake alinionyesha, akacheka, akasema, "Huyu ndiye wa betri yako." Nilicheka naye, lakini usiku ule sikulala vizuri. Nawaomba, jumapili au ijumaa, siku yoyote mtakayokaa kama kamati, fungueni boneti mwangalie.